Kuwakaribisha wanawake mezani na kuwafanya wabaki: mwongozo kwa msimulizi wa michezo ya wahusika

Michezo ya wahusika inayochezwa mezani, ile ambayo kila mchezaji hushika mhusika wake na msimulizi hueleza dunia wanamoishi wahusika hao, ina jambo moja linaloitofautisha na bao, karata au drafti. Mchezaji huja na mtu mzima wa kubuni, mwenye mwili, jina, hofu na matamanio, na watu wengine waliokaa mezani wana uwezo wa kumgusa mtu huyo kwa maneno. Uwezo huo ndio unaoupa mchezo utamu wake, na ndio huo huo unaowaondoa wanawake wengi baada ya kikao kimoja au viwili. Mwanamke anayefika kucheza akakuta uamuzi kuhusu mhusika wake unafanywa na wengine, kwa kumpangia kazi, kumkatiza, kumtongoza kupitia kinywa cha mhusika au kumtia katika tukio asilolikubali, hana sababu ya kurudi wiki inayofuata.

Mwongozo huu umeandikwa kwa msimulizi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kinachotokea mezani, na kila hatua iliyomo inalenga jambo moja: uamuzi juu ya mhusika ubaki mikononi mwa mchezaji anayemshika. Mifano mingi nimeichukua kutoka Dungeons & Dragons, ambao ndio mchezo mkongwe wa aina hii. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974, na uliuzwa kutoka mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Ulizaliwa ndani ya vikundi vya michezo ya vita inayochezwa kwa vinyago vidogo vya askari, ambavyo karibu wote waliokuwamo walikuwa wanaume, na mazoea ya vikundi hivyo yaliingia kitabuni pamoja na kanuni.

Hatua ya kwanza: Kikague kitabu kabla ya kumwalika mtu

Wapo wanaodhani kwamba ubaguzi katika michezo hii ni tabia ya wachezaji wachache tu, na kwamba kanuni zenyewe hazina upande. Historia inasema vingine. Mwaka 1976, toleo la tatu la jarida la The Dragon, lililotolewa na wachapishaji wa Dungeons & Dragons, lilichapisha makala iliyopendekeza kwamba wahusika wa kike wapimwe kwa uzuri wa sura mahali ambapo wa kiume walipimwa kwa haiba, na kwamba wapewe uwezo wa pekee wa kuwatongoza wanaume. Kitabu cha mchezaji cha mwaka 1978 kiliweka ukomo wa nguvu za mwili kwa jinsia. Mpiganaji wa kiume wa jamii ya binadamu aliweza kufika kipimo cha juu kabisa, yaani 18 chenye nyongeza ya 00 (inayosomwa kama 100), lakini mwenzake wa kike alikomea 18 chenye nyongeza ya 50. Tofauti hiyo ilionekana kila dadu ilipotupwa: nguvu za 18/50 ziliongeza pointi 1 katika kulenga na 3 katika madhara, na nguvu za 18/00 ziliongeza 3 na 6. Mwanamke hakupewa chochote cha kufidia upungufu huo. Mwaka uliofuata kitabu cha msimulizi kikatoka na jedwali la kutupa dadu ili kujua ni kahaba wa aina gani mhusika amekutana naye mjini.

Ukomo wa nguvu uliondolewa katika toleo la pili la mwaka 1989, na toleo la tano la mwaka 2014 linamwambia mchezaji waziwazi kwamba jinsia ya mhusika ni hiari yake na haimwongezei wala kumpunguzia kitu. Hata hivyo, vitabu vya zamani havijafa. Vinazunguka kama faili za PDF kutoka simu hadi simu, na kundi lisilo na fedha za kununua kitabu kipya huanza na kile kilichopatikana bure. Ikiwa kundi lako ni la namna hiyo, fahamu kwamba tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano zimewekwa chini ya leseni ya Creative Commons, na mtu yeyote anaweza kuzipakua na kuzitumia bila malipo na bila kuvunja sheria.

Ukiamua kutumia kitabu cha zamani kwa sababu unakipenda, pitia kurasa zake ukiwa na kalamu. Kanuni yoyote inayompa mhusika kipimo tofauti kwa sababu ya jinsia ifute, na uwaambie wachezaji wote siku ya kwanza kwamba umeifuta, ili asije mtu akaichomoa katikati ya pambano. Tazama na picha pia. Ukitaka kumwonyesha mtu mgeni mchezo ulivyo, usimfungulie ukurasa ambao wanaume wamevaa chuma kuanzia kichwani hadi miguuni na mwanamke pekee aliyechorwa hapo amevaa vipande viwili vya ngozi.

Hatua ya pili: Alika kwa uwazi, na usimwache mwanamke awe peke yake

Kauli kwamba wanawake hawaipendi michezo hii haina msingi. Wizards of the Coast, kampuni iliyoinunua mwaka 1997 TSR, mchapishaji wa kwanza wa Dungeons & Dragons, na kuurithi mchezo huo, ilitangaza mwishoni mwa miaka ya 2010 kwamba takriban wachezaji wanne kati ya kumi ni wanawake. Kwa hiyo kama meza yako ina wanaume sita na haijawahi kuwa na mwanamke, tafuta sababu katika namna watu wanavyoalikwa na wanavyopokelewa.

Mwaliko wa "njoo tu, utaona" unamfaa mtu asiye na cha kuhofia. Mwanamke anayealikwa nyumbani kwa watu asiowafahamu anataka kujua nani watakuwepo, mchezo utachukua muda gani na atarudije kwake. Kikao cha saa tatu au nne kinachoanza saa kumi na moja jioni humalizika usiku, wakati daladala zimepungua na boda inatoza mara mbili. Kikao hicho hicho kikianza saa nane mchana siku ya Jumamosi, tatizo linaisha kwa kila mtu, wakiwemo wanaume ambao wasingethubutu kulitaja. Kwa vikao vya kwanza chagua mahali penye watu, kama ukumbi wa maktaba, mgahawa tulivu au sebule ya nyumba yenye familia, wala si chumba cha mtu.

Alika wanawake wawili au zaidi kwa pamoja kila inapowezekana. Aliye peke yake hugeuzwa mwakilishi wa wanawake wote duniani, na kila mada inayowahusu wanawake ikizuka macho yote humgeukia. Tena, akija na mpenzi wake au kaka yake, mpokee kama mchezaji kamili. Kundi ambalo humwita "shemeji" kuanzia mlangoni hadi kuaga limeshamweka mezani kwa hisani ya mwanamume fulani, na uhusiano wao ukivunjika kiti chake kinaondoka nao. Muulize jina lake, liandike kwenye orodha ya wachezaji, mtumie ujumbe wa kikao kijacho yeye mwenyewe kwa simu yake, na usimpitishie taarifa kwa yule aliyemleta.

Suala la chai lipangwe mapema, na naomba lisichukuliwe kuwa dogo. Katika nyumba nyingi, saa ya chai au chakula ikifika, watu wote hungoja mwanamke ainuke. Akiwa jikoni, pambano linaendelea, na mtu mwingine anamtupia dadu zake, anaamua mhusika wake asimame wapi na atumie silaha gani. Anaporudi na sinia anaambiwa mhusika wake amejeruhiwa. Tengeneza zamu ya kuandaa, kupakua na kuosha vyombo inayowagusa wote kwa majina, na mtu yeyote anapokuwa jikoni mchezo usimame.

Hatua ya tatu: Fanyeni kikao cha makubaliano kabla ya kikao cha kwanza cha mchezo

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu watu wana hamu ya kuanza. Tenga saa nzima kwa ajili yake. Kikao hiki ndipo mnapokubaliana hadithi itakuwa ya aina gani, ya kutisha, ya siasa za ikulu au ya safari na hazina, na ndipo mnapoweka mipaka ya kitakachoonyeshwa.

Njia iliyozoeleka ilielezwa mwaka 2003 na mbunifu wa michezo Mmarekani, Ron Edwards, nayo inagawa mambo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mipaka, yaani mambo ambayo hayatatokea kabisa katika hadithi. Fungu la pili ni pazia, yaani mambo yanayoweza kutokea lakini hayasimuliwi kwa undani; msimulizi anasema usiku umepita na hadithi inaendelea asubuhi. Kundi moja linaweza kuamua kwamba mateso kwa watoto ni mpaka na kwamba mapenzi ya kimwili ni pazia.

Namna ya kuyakusanya maoni ina umuhimu sawa na maoni yenyewe. Ukiwauliza watu kwa sauti, mbele ya wenzao, kama kuna jambo wasilolitaka, utapata kimya, na mwanamke mwenye sababu nzito kuliko wote ndiye atakayekuwa wa mwisho kufungua mdomo. Badala yake mpe kila mmoja karatasi ya ukubwa mmoja na kalamu ya rangi moja, waandike mipaka na pazia bila jina, na wewe uandike yako. Kusanya, nenda pembeni, ziunganishe ziwe orodha moja kwa mwandiko wako, kisha soma orodha hiyo bila kueleza kitu kilitoka wapi. Mkikutana mtandaoni, fomu isiyoonyesha jina la mjazaji inafanya kazi hiyo hiyo. Hairuhusiwi mtu kuuliza "nani ameandika hili?" wala kujadili kama sababu inatosha. Kitu kikishaandikwa kimekubaliwa.

Mambo mawili yaweke wewe mwenyewe katika orodha ya mipaka bila kungoja mtu ayaombe: ubakaji, na tendo lolote la kingono linalompata mhusika wa mchezaji bila mchezaji huyo kuridhia nje ya hadithi. Nasema hivi nikijua kwamba wapo wasimulizi wanaoamini kwamba hadithi nzito inahitaji uhuru wote. Mwaka 2019, katika maonyesho makubwa ya michezo ya UK Games Expo huko Birmingham, Uingereza, msimulizi mmoja aliwatia wahusika wa wachezaji wake katika tukio la ubakaji ambalo hakuna aliyekuwa amelikubali. Waandaaji walimwondoa na kumpiga marufuku. Mwaka 2020 kipindi cha mchezo kilichokuwa kikirushwa mtandaoni kilivunjika baada ya msimulizi, ambaye alikuwa na jina kubwa katika fani hii, kusimulia tukio la kingono juu ya mhusika wa mchezaji mwanamke bila kumuuliza, huku watazamaji wakiangalia. Katika visa vyote viwili waliokuwa mezani walikuwa watu wazima, na hapakuwa na kitu kilichowazuia kusimama na kuondoka. Lakini mtu aliyeshtushwa katikati ya mchezo, mbele ya watu, hukaa kimya, na msimulizi hukichukua kimya hicho kama ridhaa. Makubaliano ya mapema ndiyo yanayokuokoa usikisome kimya vibaya.

Kuhusu mapenzi kati ya wahusika, ambayo yanaweza kuwa sehemu nzuri ya hadithi, muulize kila mchezaji faraghani kama angependa mhusika wake aguswe na mada hiyo. Jibu la "hapana" au "labda baadaye" linawafunga wote, na mwenye mhusika aliyekataliwa haruhusiwi kuendelea kujaribu kwa kisingizio kwamba "ni mhusika wangu anayempenda wa kwako".

Hatua ya nne: Mwache aunde mhusika anayemtaka

Mgeni anapokuja mara ya kwanza, wenyeji hupenda kumrahisishia kwa kumpa mhusika aliyekwisha kuundwa, na mwanamke hupewa mganga. Kazi ya mganga ni kusimama nyuma na kuwatibu wapiganaji, na kazi hiyo inaweza kuvutia sana kwa anayeichagua. Kwa asiyeichagua ni kuangalia wengine wakicheza. Weka mezani wahusika watano au sita tofauti, waandike bila jina na bila jinsia, eleza kwa sentensi mbili kila mmoja anaweza kufanya nini, kisha mwache achague wa kwanza kabla ya wazoefu. Kama yuko tayari kuunda wake kuanzia mwanzo, mwongoze kwa maswali kuhusu anachotaka kukifanya katika hadithi, na hesabu za vipimo uzifanye mwishoni pamoja naye huku akiona namba zinatoka wapi.

Wazoefu wengine wawe na subira. Kuna mchezaji, mara nyingi mwenye nia njema kabisa, anayeishika karatasi ya mgeni na kuanza kumrekebishia: silaha hii haifai, uchawi huu ni dhaifu, badilisha jina. Mwambie airudishe karatasi. Mhusika dhaifu aliyechaguliwa na mwenyewe atapata nguvu hadithini, na msimulizi ana njia elfu za kumsaidia.

Wanaume wanaotaka kucheza wahusika wa kike wakaribishwe, na wanawake wanaotaka kucheza wahusika wa kiume vilevile. Sharti ni kwamba mhusika awe mtu. Mwanamume akileta mhusika wa kike ambaye sifa zake zote ni umbo na utayari wa kulala na kila mlinzi wa lango, zungumza naye pembeni kabla ya kikao na umwombe akuandikie huyo mtu anataka nini maishani, anamwogopa nani na anafanya kazi gani. Asipoweza kujibu, hajawa na mhusika bado.

Hatua ya tano: Linda zamu

Nje ya pambano michezo hii haina zamu rasmi. Anayesema kwanza na kwa sauti ndiye anayesikika. Hapo ndipo uamuzi wa mwanamke hupotea bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Tazama namna inavyotokea. Mchezaji anasema, "Nataka kuongea na mlinzi nijue nani amepita hapa usiku." Kabla hajamaliza, mwenzake anadakia: "Aa, mlinzi atasema uongo, wewe tumia ule uchawi wa usingizi." Wa tatu anasema tayari ameshapanda ukutani. Msimulizi, akiwa na haraka, anamwambia wa tatu atupe dadu. Dakika mbili baadaye hadithi iko upande wa pili wa ukuta, na swali kwa mlinzi halikuulizwa kamwe. Likitokea mara moja ni bahati mbaya, lakini kikao chote kikienda hivyo, mchezaji yule ameambiwa kwamba hayupo.

Dawa yake ni sentensi fupi zinazotoka kwa msimulizi bila ukali. "Ngoja, yeye yuko kwa mlinzi, tumalize hapo kwanza." "Huo ni uamuzi wake, anaamua nini?" "Umesema umepanda ukutani, nimeandika, nitakurudia." Zitumie kwa yeyote anayekatizwa, mwanamume au mwanamke, na ndani ya vikao viwili au vitatu wachezaji wataanza kuzitumia wenyewe. Kama unaona vigumu kukumbuka nani amesema na nani bado, andika majina yote kwenye kipande cha karatasi mbele yako na uweke alama kila mmoja anapopata tukio lake. Alama hizo zitakuonyesha ukweli kuhusu meza yako, na mara nyingi ukweli huo hautalingana na kumbukumbu yako.

Ushauri wa kanuni nao una mipaka. Mchezaji akiomba msaada, apewe. Asipoomba, hata kama anakaribia kufanya kosa la kimbinu, mwache akosee, kwa maana kosa la mhusika ni sehemu ya hadithi na ni mali ya mwenye mhusika.

Hatua ya sita: Ijenge dunia ambayo wanawake wanaishi ndani yake

Kabla ya kikao, chukua orodha ya watu wote ambao wachezaji watakutana nao, mfanyabiashara, nahodha, mhunzi, kiongozi wa majambazi, hakimu, na uhesabu wangapi ni wanawake wenye mamlaka au ufundi wao wenyewe. Ukisimulia kwa Kiswahili una tahadhari moja ya ziada: unaweza kusema "nahodha anawatazama, anakunja uso" bila kutaja jinsia hata mara moja, na wasikilizaji wako wengi watamwona mwanamume kwa mazoea. Kwa hiyo mtaje. Mpe jina, na jina litasema.

Epuka pia mwanamke ambaye kazi yake hadithini ni kutekwa, kuuawa au kudhalilishwa ili mwanamume apate sababu ya kukasirika. Mke aliyeuawa kabla hadithi haijaanza na binti wa mfalme anayengoja mnarani wametumika hadi wamechakaa. Ukihitaji mateka, awe mtu ambaye ana taarifa, ana mpango wake wa kutoroka, na huenda ameshafika nusu njia wachezaji wanapomkuta.

Hapa utakutana na hoja kwamba zamani wanawake hawakupigana wala kutawala, na kwamba kuwaweka ni kuiharibu historia. Dunia yenye majoka haiwajibiki kwa historia hiyo, lakini ni vema pia kujua kwamba hoja yenyewe ni dhaifu. Malkia Njinga alitawala Ndongo na Matamba, katika Angola ya leo, na kupambana na Wareno kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 1663. Unguja ilikuwa na malkia, Fatuma, mwishoni mwa karne ya 17, aliyeshikamana na Wareno dhidi ya Waomani. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa Kisii, akatoroka na kurudi pwani kwa miguu. Msimulizi anayetafuta kisa anaweza kuchukua hapo malkia wa kisiwa kidogo anayelazimika kuchagua kati ya wageni wawili wenye meli kubwa, akawapa wachezaji kazi ya kuwa mabalozi wake. Au kiongozi aliyetoroka kizuizini ambaye lazima afikishwe kwao akikwepa askari katika nchi asiyoijua. Vikao vitano vitapita kabla hujahitaji joka.

Dunia inayowabagua wanawake inaweza kuwa mada ya mchezo kama wote wameichagua katika kikao cha makubaliano na wanataka kupambana nayo. Mwanamke ambaye wiki nzima amekutana na ubaguzi kazini na barabarani ana haki ya kuja kupumzika mahali ambapo mhusika wake anaheshimiwa kwa upanga wake bila kulazimika kuthibitisha lolote.

Hatua ya saba: Weka kadi mezani

Mipaka ya mwanzo haiwezi kutabiri kila kitu. Mwaka 2013 Mmarekani John Stavropoulos alieneza kifaa rahisi kiitwacho kadi ya X, yaani karatasi yenye herufi X iliyowekwa katikati ya meza. Yeyote anayefikiwa na jambo linalomwumiza anaigusa au kuinyanyua, na msimulizi anaondoa jambo hilo papo hapo, anabadilisha mandhari au anasogeza mbele saa. Maelezo hayahitajiki. Mnaocheza mtandaoni andikeni herufi X kwenye ujumbe, na ikibidi ujumbe huo uende kwa msimulizi peke yake.

Kadi ikikaa bila kuguswa vikao vingi, watu huanza kuiona kama kengele ya dharura ambayo ni aibu kuipiga. Iguse wewe kwanza, katika kikao cha kwanza, kwa jambo dogo: umeanza kueleza jeraha kwa undani kupita kiasi, gusa kadi, sema "hili naliondoa", endelea. Baada ya hapo kuitumia kutakuwa jambo la kawaida.

Hatua ya nane: Mtu akivuka mpaka, mkabili wewe

Mzaha wa kingono ukitolewa, usingoje kuona kama mwanamke aliyepo atacheka. Kicheko chake hakithibitishi kitu. Wengi hucheka ili jambo lipite. Sema "hapa hatuendi hivyo" na urudi kwenye hadithi. Likirudiwa, simamisha kikao dakika kumi na uzungumze nje na mchezaji aliyetoa mzaha huo, ukimtajia maneno aliyoyasema hasa, bila kuelezea tabia yake kwa jumla. Usimlete aliyeumizwa awe shahidi, na usimwombe aamue kama mwenzake afukuzwe. Ukimpa mzigo huo, lawama za kundi zitamwangukia yeye.

Anayeendelea baada ya kuonywa aondoke, hata kama ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye vitabu au ni rafiki yako wa tangu shule. Najua ugumu wa jambo hili katika makundi yetu, ambapo watu huona haya kumwambia mwenzao usirudi, na mara nyingi mchezo huachwa ufe kimyakimya kuliko kusema neno hilo. Pima gharama yake, hata hivyo: ukimbakiza mtu mmoja, unawapoteza wote watakaoondoka bila kueleza, na wale ambao wakisikia habari zenu hawatakuja kabisa. Ikiwa aliyefanya kosa amemgusa mtu mwili au amemfuata nje ya mchezo kwa simu na vitisho, jambo hilo limeshatoka mikononi mwa msimulizi. Msikilize aliyefanyiwa, na umsaidie kufika kwa familia, uongozi wa chuo au polisi kadiri atakavyotaka yeye.

Hatua ya tisa: Kiache kiti cha msimulizi

Wanawake wamekuwa wakiitengeneza michezo hii tangu mwanzo, japo majina yao hayatajwi sana. Lee Gold wa Los Angeles alianzisha mwaka 1975 jarida la wachezaji liitwalo Alarums and Excursions, mwaka mmoja tu baada ya Dungeons & Dragons kutoka, na akaendelea kulihariri hadi mwaka 2025. Laura Hickman alishirikiana na mumewe Tracy kuandika Ravenloft, kisa cha mwaka 1983 kinachochezwa hadi leo. Jean Wells aliajiriwa na TSR mwaka 1979 kama mbunifu, na kisa chake cha Palace of the Silver Princess kilipochapishwa mwaka 1981 kampuni ilikiondoa sokoni mara moja, ikaharibu nakala nyingi, kisha ikakitoa upya kikiwa kimeandikwa kwa sehemu kubwa na mwanamume. Chanzo kimojawapo kilikuwa picha moja ya ndani iliyoonekana kuvuka mipaka.

Kwa hiyo baada ya miezi michache muulize kila mchezaji, na wanawake wakiwemo, kama angependa kusimulia. Anayekubali mpe vikao vitatu mfululizo, kwa kuwa kikao kimoja hakitoshi mtu kuzoea. Mwachie achague kisa, kanuni na mipaka ya kuongeza. Akikosea kanuni wakati wa mchezo, usimsahihishe mbele ya watu. Akikuuliza, jibu swali alilouliza na ukomee hapo. Mwenzako akianza kukugeukia wewe kutafuta uamuzi, kwa mazoea ya siku zote, mwelekeze kwa msimulizi wa siku hiyo. Kisha tupa dadu zako zamu yako inapofika.